Mkato kabla ya "and": uwekwe au ufutwe?

Msomaji wetu wa Morogoro ameandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu ya shahada ya uzamili kwa Kiingereza, na nina wasimamizi wawili. Katika sura ya tatu nimeandika: 'The respondents included farmers, livestock keepers, traders and transporters.' Msimamizi wa kwanza, aliyesoma Marekani, ameongeza mkato baada ya 'traders'. Msimamizi wa pili, aliyesoma Uingereza, ameufuta na kuandika pembeni kwamba hilo ni kosa la shule ya msingi. Nimepeleka rasimu mara tatu, na mara tatu mkato umeingia na kutoka. Nani yuko sahihi? Na je, nikiandika kwa Kiswahili nifanyeje? Naambatanisha ukurasa wenye jedwali la wahojiwa, huenda ukasaidia."

Marahaba, mwanangu. Pole na mzunguko huo. Rasimu tatu kwa alama ndogo kama mguu wa sisimizi ni kazi ya kuchosha, na najua kila ukurasa unaorudishwa unakula hela ya kuchapa na siku zako za kuhitimu.

Nimehariri maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka ishirini, na anayeniuliza swali hili karibu kila mara anataka nimtajie mshindi. Sitakutajia, kwa sababu hakuna kanuni ya sarufi iliyovunjwa hapa. Msimamizi wako wa kwanza ameandika Kiingereza sahihi. Wa pili naye ameandika Kiingereza sahihi, ila hilo la "kosa la shule ya msingi" si kweli, na naomba usilibebe moyoni. Sentensi yako ina tatizo, lakini liko mahali pengine kabisa, na nimeliona nilipofungua ukurasa wa jedwali. Nitalifikia. Kwanza nikueleze walimu wako hawa wamezitoa wapi kanuni zao, maana ukijua hilo utaweza kuzungumza na kila mmoja wao bila kumvunjia heshima.

Mkato unaokusumbua ni ule wa mwisho kwenye orodha ya vitu vitatu au zaidi, unaokaa mbele ya "and" au "or". Wengi wanauita mkato wa Oxford. Jina limetokana na kiwanda cha uchapaji cha Chuo Kikuu cha Oxford, ambako Horace Hart alisimamia uchapaji kuanzia 1883 hadi 1915. Hart aliwaandikia wafanyakazi wake kijitabu cha kanuni mwaka 1893, ili vitabu vyote vinavyotoka pale viwe na sura moja, na mwaka 1904 kijitabu hicho kikaanza kuuzwa kwa watu wote. Ndani yake alielekeza kwamba maneno yakiwa zaidi ya mawili katika mfuatano, mkato uwekwe kabla ya "and" ya mwisho.

Sasa angalia mambo yalivyogeuka. Desturi iliyobeba jina la mji wa Uingereza imeshika mizizi zaidi Marekani. Mwongozo wa uandishi wa Chicago, uliotoka mara ya kwanza 1906, unaipendekeza kwa nguvu, na mwongozo wa wanasaikolojia wa Marekani, ambao vyuo vyetu vingi vinaufuata kwa jina la APA, unaiagiza. Magazeti ya Uingereza kwa kawaida huuacha mkato huo. Magazeti ya Marekani yanayofuata mwongozo wa shirika la habari la Associated Press nayo huuacha katika orodha nyepesi. Hata Oxford penyewe hapako kitu kimoja: mwaka 2011 watu wengi mtandaoni walishtuka kugundua kwamba mwongozo wa ofisi za chuo kikuu unasema mkato huo kwa kawaida usiwekwe, ilhali kiwanda cha uchapaji cha chuo hichohicho kiliendelea kuuweka. Kwa hiyo msimamizi wako wa pili anafuata Uingereza ya magazeti na ofisi, na wa kwanza anafuata Marekani ya vitabu na majarida ya kitaaluma. Kila mmoja anakufundisha alichofundishwa.

Chini ya desturi hizo mbili kuna jambo la zamani zaidi, nalo ndilo ninalopenda wanafunzi walielewe. Alama hii ilianza kama alama ya pumzi. Kule Alexandria, karne mbili hivi kabla ya Kristo, msimamizi wa maktaba aliyeitwa Aristophanes wa Byzantium aliweka nukta katika kimo tofauti pembeni ya maneno, ili msomaji ajue atue kidogo, atue wastani au atue kabisa. Watu walisoma kwa sauti, na maandishi ya Kigiriki hayakuwa hata na nafasi kati ya neno na neno. Kipande kifupi kuliko vyote kiliitwa "komma", yaani kilichokatwa. Kiswahili chetu kinapouita mkato kinasema neno lilelile. Na sisi tunayo kumbukumbu ya matumizi hayo ya kwanza: fungua diwani yoyote ya mashairi ya mizani kumi na sita, utaona mkato katikati ya mshororo, mizani nane huku na nane kule. Mkato ule haugawi orodha yoyote. Unamwambia mghani hapa ndipo pa kutua.

Baadaye watu walipozoea kusoma kimyakimya, mkato ukapewa kazi ya pili, ya kuonyesha jinsi sentensi ilivyojengwa. Kazi zote mbili bado zimo. Anayesikiliza sentensi yako kwa sikio anasema "and" yenyewe imeshaleta mtuo, mkato wa nini tena? Anayeitazama kwa jicho anauona mkato kama ua kati ya kiwanja na kiwanja, na anashangaa kwa nini viwanja viwili vya mwisho viachwe bila ua. Hoja zote mbili zina akili ndani yake.

Mimi mwenyewe nililelewa katika kundi la wanaofuta. Nilifuta mikato hiyo kwa kalamu nyekundu miaka mingi, mpaka siku moja shirika nililokuwa nalifanyia kazi lilipoandaa semina ya wilaya nne, kila wilaya na rangi yake ya fulana. Oda ilikwenda kwa Kiingereza: fulana 400 "in green, black, white and yellow", kwa idadi sawa. Katika rasimu palikuwa na mkato baada ya "white". Nikaufuta. Marobota yalipofika tukayafungua kwenye korido: fulana 134 za kijani, 133 nyeusi, na 133 nyeupe zenye kola na mikono ya njano. Fundi hakuwa na kosa. Alisimama ameshika karatasi yetu, akaniambia kwa upole, "Mzee, si mmeandika wenyewe nyeupe na njano?" Nilichukua ile karatasi nikaisoma kwa macho yake, na kweli, sikuona kitu chochote ambacho kingemwambia vinginevyo. Wilaya ya nne ilikaa semina nzima bila rangi yake. Tangu siku hiyo nikianza kuhariri orodha, nahesabu kwanza vitu viko vingapi, halafu ndipo nashughulika na mikato.

Kuna kesi ambayo kila mwandishi wa Kiingereza anapaswa kuijua, kwa sababu imesimuliwa sana na mara nyingi imesimuliwa vibaya. Katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, kulikuwa na kiwanda cha maziwa cha Oakhurst. Mwaka 2014 madereva wake walifungua madai ya malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilisema mfanyakazi akizidisha saa 40 kwa wiki alipwe moja na nusu, lakini ikawatoa wanaofanya kazi fulani za vyakula. Orodha ya kazi hizo iliandikwa hivi: "The canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution of", kisha yakafuata mazao ya shamba, nyama na samaki, na vyakula vinavyoharibika.

Tazama mwisho wa orodha. Madereva kazi yao ni kusambaza maziwa. Je, kusambaza ni kazi inayojitegemea katika orodha ile? Ikiwa ndivyo, madereva wametolewa na hawana chao. Au kinachotajwa ni kufungasha tu, iwe ni kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kufungasha kwa ajili ya kusambaza? Ikiwa ni hivyo, dereva hafungashi kitu, kwa hiyo hakutolewa, na alipwe. Mkato mmoja baada ya "shipment" ungemaliza ubishi. Haukuwepo.

Wanasheria wa kiwanda walikuwa na hoja nzuri. Walisema orodha ya Kiingereza inahitaji kiunganishi kabla ya kitu chake cha mwisho. Kama "packing" ndiyo ya mwisho, mbona hakuna "or" mbele yake? Tena, "shipment" na "distribution" zikiwa zote ni sababu za kufungasha, sheria inasema jambo lilelile mara mbili. Na mwongozo wa kuandika sheria za Maine ulikuwa unaelekeza mkato wa mwisho usiwekwe, kwa hiyo kukosekana kwake hakumaanishi chochote. Madereva nao walikuja na hoja ya sarufi ambayo kila nikiisoma naifurahia. Angalieni, walisema, kazi zote katika orodha zinaishia na "-ing". "Distribution" haiishii hivyo. Inafanana na "shipment". Basi hizo mbili ni jozi, na zote zinaning'inia chini ya "packing".

Mahakama ya chini ilikipa kiwanda ushindi. Machi 2017 mahakama ya rufaa huko Boston ikageuza. Jaji David Barron alianza hukumu kwa kusema kwamba kesi hii imekuwepo kwa kukosekana mkato. Hapa ndipo wasimulizi wengi wanapoteleza: mahakama haikusema mkato wa Oxford ni lazima. Ilisema pande zote mbili zina hoja zenye uzito, sheria ina utata, na kwa desturi ya Maine sheria za ujira zikiwa na utata zinasomwa kwa namna inayomlinda mfanyakazi. Mwaka 2018 kiwanda kilikubali kulipa dola milioni 5, na waliohusika walikuwa madereva 127. Bunge la jimbo lilikuwa limeshaiandika upya orodha ile. Likaweka nukta mkato kati ya kazi na kazi, na likabadilisha "distribution" kuwa "distributing". Walifanya yote mawili, ua na umbo la neno, wasiache mwanya.

Jaribu kuiweka orodha ile kwa Kiswahili uone: "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza." Utata umebaki palepale. Tena umezidi, maana vitenzi vyetu vyote vinaanza na "ku-", na ile hoja ya madereva ya mwisho wa neno isingekuwa na pa kushika.

Na kama kuna anayedhani mambo haya ni ya pesa za saa za ziada tu, wasomaji wetu wa Kongo watamkumbuka Roger Casement, konseli wa Uingereza ambaye taarifa yake ya 1904 ilianika mateso ya watu waliolazimishwa kuvuna mpira katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1916 Casement alishtakiwa London kwa uhaini, kwa kuwa alikwenda Ujerumani wakati wa vita kutafuta msaada kwa ajili ya uhuru wa Ireland. Sheria iliyotumika ilikuwa ya 1351, imeandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani, na wakili wake alidai kwamba kwa maneno yake uhaini wa kushirikiana na maadui ni ule unaofanywa ndani ya ufalme. Maneno yaliyobishaniwa yalikuwa "or elsewhere", yaani "au kwingineko", na kama pana mtuo mbele yake au hapana. Majaji walikwenda kuikagua ngozi ya zamani yenye maandishi yale. Casement alinyongwa katika gereza la Pentonville tarehe 3 Agosti 1916. Watu husema alinyongwa kwa mkato, na mimi siwezi kuyasoma maneno hayo haraka nikapita.

Ndiyo maana waandishi wa sheria wa siku hizi hawapendi kuutegemea mkato. Chukua Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 10, inayotaja maadili ya taifa. Maadili yamepangwa kwa herufi a, b, c, d, kila fungu kwenye mstari wake, na kati ya fungu na fungu pana nukta mkato. Ndani ya fungu wamefuata desturi ya Kiingereza cha Uingereza, bila mkato wa mwisho. Fungu a linasomeka: "patriotism, national unity, sharing and devolution of power, the rule of law, democracy and participation of the people". Soma taratibu. "Sharing and devolution of power" ni kitu kimoja chenye "and" ndani yake, yaani kugawana madaraka na kuyagatua. Basi "democracy and participation of the people" mwishoni ni vitu viwili au ni kimoja kilichofuata mfano huo? Mimi nasoma viwili, na hakuna atakayedhulumiwa kwa usomaji wowote, lakini mwanafunzi akinijia na kimoja siwezi kumwambia amekosea.

Msimamizi wako wa kwanza asije akafurahi sana, kuna mahali mkato huo unaharibu. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya Januari 2020 ilitoa sarafu ya pensi 50 yenye maneno "Peace, prosperity and friendship with all nations". Mwandishi Philip Pullman alisema kila mtu aliyesoma aikatae kwa kukosa mkato baada ya "prosperity". Namheshimu, ila hapa sikubaliani naye. Mkato ungeyafungia maneno "with all nations" kwenye urafiki peke yake. Bila mkato, ninayeisoma sarafu naruhusiwa kuelewa kwamba hata amani inayotakwa ni amani na mataifa yote, na hiyo ni dua nzuri zaidi.

Au nenda kwenye ukurasa wako wa shukrani, ambako wanafunzi wengi huumia bila kujua. Ukiandika "I thank my parents, Zainabu and Hamisi", msomaji ataelewa wazazi wako ndio Zainabu na Hamisi. Kama hao ni marafiki zako, weka mkato: "my parents, Zainabu, and Hamisi". Sasa badilisha neno moja: "I thank my aunt, Zainabu, and Hamisi". Hapa mkato uleule uliokuokoa ndio unaokuangusha, maana shangazi ni mmoja na Zainabu amekuwa jina lake. Bila mkato watu ni watatu, hakuna shaka. Kwa hiyo anayesema "weka siku zote na hutakosea" na anayesema "usiweke kamwe" wote wanakuahidi wasichoweza kukupa. Dawa ya sentensi kama hizo ni kupanga upya. Anza na majina, maliza na wazazi: "I thank Zainabu, Hamisi and my parents." Weka mkato au uache, hakuna atakayepotea.

Sasa Kiswahili. Desturi iliyozoeleka katika vitabu na magazeti yetu ni kutoweka mkato kabla ya "na" ya mwisho: wali, maharage na mchicha. Nakushauri uifuate, na usiuhamishie mkato wa Oxford kwenye Kiswahili kwa sababu tu msimamizi wako mmoja anaupenda kwa Kiingereza. Lakini usidhani lugha yetu imesalimika. "Na" yetu imebeba mizigo mingi kuliko "and". Inaunganisha, inaonyesha kuwa pamoja, inamtaja mtenda, inaonyesha kumiliki. Ingia kwa mama ntilie yeyote asubuhi, umwulize kuna nini. Atakujibu, "Kuna supu, chapati, chai na maandazi." Ni sahani nne za bei nne, au chai na maandazi vinakuja pamoja kwa bei moja? Kwa mdomo hakuna tatizo, sauti yake inakuonyesha, na ukiwa bado una shaka utamwuliza. Kwenye karatasi sauti haipo na yeye hayupo.

Kiswahili kina njia zake za kuziba pengo hilo, na ni tajiri kuliko mkato. "Pamoja na" inafunga jozi: supu, chapati, na chai pamoja na maandazi. Hapo ona kwamba nimeweka mkato kabla ya "na", na nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu kitu cha mwisho ni jozi. "Vilevile" na "pia" zinatenganisha. Kisha tuna ngeli, ambazo Mwingereza hana. Akiandika "books, pens and notebooks that are new", humjui anasema vipya ni vipi. Sisi tukiandika "vitabu, kalamu na madaftari mapya", hiyo "ma-" ya "mapya" imeshasema: upya ni wa madaftari. Tukitaka vyote viwe vipya tunasema "vyote vipya". Upatanisho wa kisarufi unafanya kazi ambayo Kiingereza kinaiomba mkato. Ila jozi ikiwa ya watu, ngeli haikusaidii, kwa kuwa wote ni "a-" na "wa-". "Nawashukuru wazazi wangu, Zainabu na Hamisi" ina mtego uleule wa Kiingereza, na dawa yake ni ileile ya kupanga upya.

Turudi kwenye jedwali lako. Lina mistari mitatu. Wakulima 40, wafugaji 40, halafu mstari wa tatu umeandika "Traders and transporters" na mbele yake 30. Chini ya jedwali umeeleza kwamba katika vijiji ulivyokwenda anayenunua mazao ndiye huyohuyo mwenye gari la kuyasafirisha, kwa hiyo umewaweka kundi moja. Sasa soma sentensi yako tena: "farmers, livestock keepers, traders and transporters". Sentensi inahesabu makundi manne, ukiweka mkato au usipoweka. Jedwali linahesabu matatu. Walimu wako wamevutana juu ya ua kati ya viwanja viwili ambavyo wewe mwenyewe umesema ni kiwanja kimoja.

Kinachokosekana pale ni "and" nyingine, kabla ya kitu chako cha tatu. Ni kasoro ileile ambayo wanasheria wa kiwanda cha maziwa waliishikilia kule Boston: ukiisoma "packing" kama kitu cha mwisho, "or" yake haipo. Sentensi yako iwe: "The respondents were 40 farmers, 40 livestock keepers, and 30 traders and transporters." Mkato baada ya "keepers" hapo uuweke bila kusita. Chicago wanautaka, APA wanautaka, na hata Associated Press, ambao huuacha katika orodha nyepesi, wanaelekeza uwekwe pale ambapo kitu kimojawapo cha orodha kina "and" ndani yake. Ukipenda isomeke wazi zaidi, iseme hali ilivyo kijijini: "and 30 traders who also transported produce". Hapo hakuna anayeweza kuwagawa.

Kwa tasnifu nzima, nenda ofisi ya masomo ya uzamili ukaulize mwongozo wa chuo unafuata nini. Kama ni APA, mkato wa mwisho unaingia kila mahali na mjadala umekwisha bila wewe kumpinga mtu. Kama mwongozo hausemi kitu, chagua mmoja, kisha tafuta kwenye kompyuta kila "and" na kila "or" moja baada ya nyingine uzisawazishe. Ni kazi ya jioni mbili hivi, na mtahini wa nje anatambua haraka sana tasnifu iliyochanganya.

Kwa wasimamizi wako, usiwapelekee jibu langu. Waandikie wote wawili barua pepe moja, uwaambie kwamba ulipokuwa ukisahihisha mkato umegundua sentensi ilikuwa inataja makundi manne wakati sampuli yako ina matatu, na kwamba umeirekebisha. Ambatanisha sentensi mpya na jedwali. Halafu angalia sura ya nne, pale unapolinganisha majibu ya makundi, kama nako hukuandika "four groups".